Aliyepanda kwa Kamba Yangu

Kamba ilikuwa inakula viganja vyangu, na mwanangu alikuwa chini ya maji.

Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, visigino nimevikaza ndani ya ufa, mgongo nimeurudisha nyuma. Maji ya mwezi wa kumi na moja yalikuwa yamejaa, mekundu kama chai iliyochemshwa mara mbili, yanapita mbele yangu kwa ngurumo ambayo mgeni anafikiri ni lori linakuja. Matone yake yalikuwa baridi, yananipiga usoni kama mchanga. Kamba yenyewe ilikuwa ya nailoni ya buluu, aina ile wanayofungia magunia ya makaa juu ya mashua za Isangi. Ilikuwa imekazwa hata inatetemeka, na sikuweza kujua kama kinachotetemeka ni mto au ni mtoto wangu.

Nyuma yangu wanaume walikuwa wanapiga kelele. Hawa wanasema, "Vuta, Mama Aziza! Vuta ye!" Wale wanasema, "Usivute! Ukivuta, Wenceslas anabaki!"

Mimi si mtu wa mawe, kama wavuvi wa maporomoko wanavyojiita. Baba yangu, Asumani, alikuwa fundi wa nguo hapa mjini, na watu wetu walifika Kisangani na misafara ya biashara, zamani za babu wa babu. Nilisoma shule ya msingi tu, halafu nikashona vifungo kwa baba mpaka Henri alipokuja kushonesha shati. Alikuwa mvuvi wa maporomoko. Alinuka samaki na moshi, na alikuwa na kifua kipana mno, baba alipima mara mbili akidhani amekosea.

Kwa watu wa Henri, wanaume wanasimika miti mikubwa ndani ya mashimo ya mwamba, katikati ya mto unaochemka, na kuifunga kwa kekele, zile kamba za porini zisizooza haraka. Juu ya miti wananing'iniza vitunga vikubwa, mtu mzima anaweza kulala ndani, mdomo ukitazama maji yanakotoka. Samaki anayeshindwa na mkondo anaingia, na maji yenyewe yanamfungia mle. Lakini mto ukijaa, kitunga kinanyonywa chini ya jiwe. Hapo mtu anashuka kukitoa. Anashuka na pumzi yake tu, kichwa mbele, akijivuta kwa mikono kwenye mguu wa mti, gizani, katika baridi ambayo jua halijawahi kuigusa.

Anafungwa kamba kiunoni. Na katika ukoo wa mume wangu, kamba ile haishikwi na mtu anayeweza kurithi miti ya mzamiaji. Kaka haishiki. Mtoto wa baba mdogo haishiki. Anaishika bokilo, shemeji aliyetoka kwingine, mtu ambaye kifo cha yule wa chini hakimpi kitu. Henri alinieleza jambo hilo akicheka: "Haiko kwamba hatupendane, Aziza. Iko kwamba tunajuana."

Henri alikufa kitandani, kwa homa, na mahali pake pa miti pakabaki kwa mwanetu Jeancy. Palikuwa pazuri, mahali ambapo mto wote unabanwa kati ya mawe mawili. Wenceslas, mtoto wa mdogo wake Henri, akasema miti ya kwanza ilikatwa na baba yake. Walibishana kiangazi kizima. Halafu maji yalipoanza kupanda, Wenceslas akafanya kitu ambacho kwa watu wa mawe kinapita tusi: alisimika miti yake mbele ya miti ya Jeancy, upande maji yanakotoka, akaning'iniza vitunga. Samaki wote wakawa wanaingia kwake kwanza. Jeancy akawa anavua maji matupu.

Asubuhi ile nilikuwa nimeleta lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki kidogo ndani ya majani. Nilimkuta Jeancy juu ya miti ya Wenceslas, kisu mkononi, anakata kekele. Hakuzikata zote. Alikata zile zinazoshika kichwa cha miti, ili mto ufanye kazi iliyobaki bila mtu yeyote kuwa juu. Nilimwita. Aliniangalia, akamaliza fundo alilokuwa nalo, akashuka.

Hajafika kwangu, Wenceslas akatokea na panga. Kila asubuhi mtu wa mawe anagusa mafundo yote kabla ya kuweka uzito wake juu ya mti. Mtoto anafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusalimia. Wenceslas hakugusa hata moja. Alikimbia moja kwa moja juu ya mawe, akitukana, akamrukia Jeancy akampiga panga mkononi. Niliona nyama ikifunguka, nyeupe kwanza, halafu damu ikakumbuka kuja. Jeancy aliokota kipande cha mti akampiga nacho taya. Sauti ya jino nikaisikia juu ya ngurumo ya mto, naapa. Wenceslas akarudi nyuma kwa miti yake, akapanda juu ili ampige kutokea huko, akainua panga kwa mikono miwili.

Miti ikafunguka chini yake kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Ilimwangukia. Mto ukaisukuma yote ndani ya ule mlango mwembamba kati ya mawe mawili, ikakwama pale, rundo moja la magogo na vitunga, maji yakipita juu yake. Katikati ya rundo kichwa cha Wenceslas kilikuwa kinatokea, kinazama, kinatokea. Mguu wake ulikuwa umebanwa chini. Kila alipotokea alipiga yowe, na kila yowe mto ulilikata nusu.

Watu walikuwa wamekusanyika, wa upande wake na wa upande wetu. Tonton Évariste, binamu wa Henri, mtu wa maneno makubwa, akamshika Jeancy bega. "Acha ye! Mto umemuhukumu."

"Mimi ndiye nilikata, Tonton."

"Nani anajua? Funga mudomo!"

"Mama anajua," Jeancy akasema. "Aliniona."

Alikuwa tayari anajifunga kamba kiunoni, damu ikimdondoka kwenye fundo. Rachidi, mume wa binti yangu, ndiye anayemshikia siku zote, na Rachidi alikuwa Isangi kwa biashara. Jeancy akazungusha macho. Kila mwanaume pale alikuwa wa damu ile ile. Akanipa mimi kamba.

"Mama, weye ndiye mutu wa inje hapa."

"Nimewapikia miaka yote hii, bado niko wa nje?"

Akacheka. Akakaa kidogo tu, akafumba macho, akavuta pumzi polepole, kama mtu anayemimina mafuta ndani ya chupa ya mdomo mdogo. Rundo la magogo likateleza. Kichwa cha Wenceslas hakikutokea tena. Jeancy akaingia.

Sasa kuna kitu kuhusu kushika kamba. Mshikaji anafunga pumzi pamoja na mzamiaji. Pumzi hiyo ndiyo saa yake. Pumzi ikimwishia anavuta nyingine, anaifunga tena, na hiyo ya pili ikiisha anavuta kamba, hata kama yule wa chini hajaomba. Hivyo ndivyo walivyofanya tangu zamani, na walioshika walikuwa wanaume wenye vifua. Mimi nimekausha samaki juu ya moshi maisha yangu yote. Pumzi yangu ni fupi kama ya kuku.

Ya kwanza iliisha kabla kamba haijamaliza kushuka. Ya pili iliniishia macho yakiona nyota.

"Vuta, Mama! Unaua mutoto yako!" Hiyo ilikuwa sauti ya Évariste.

"Ukivuta tunakuchinja, mama muzee!" Huyo alikuwa wa upande wa Wenceslas, sikugeuka kumtazama.

Nikafunga ya tatu. Si kwa ajili ya Wenceslas. Nilisema moyoni: mtoto huyu nimemnyonyesha, kifua chake ni cha Henri, si changu, nisimpime kwa kifua changu. Ya tatu ikaisha. Watu walianza kunikanyaga mgongoni wakigombania kamba, mtu akang'ata mkono wa mwenzake pale karibu na sikio langu. Nikafunga ya nne. Ndipo kamba ikavutwa kutoka chini, mara mbili, kwa nguvu.

Nikavuta. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye ile nailoni, nikavuta. Wawili watatu wakanisaidia. Kilikuja kizito, kinapiga mawe, kinazunguka, halafu mgongo ukatokea, halafu shingo, na nikaona sikio.

Mama anajua sikio la mtoto wake. Lile halikuwa la Jeancy.

Kamba ilikuwa imefungwa chini ya makwapa ya Wenceslas. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Mto ukalipuka kidogo, magogo yakaachia, rundo lote likaondoka kwa kishindo kuelekea chini na mahali pale pakawa maji tu.

Wenceslas alitapika juu ya mapaja yangu. Taya lilikuwa limehama, mguu umevunjika hata unyayo ulitazama nyuma. Évariste akaokota panga.

"Mutoto yako amekufa sababu ya huyu," aliniambia, kwa sauti ya chini. "Sogea."

Sikusogea. Kuna desturi nyingine ya kamba, na sijui kama niliikumbuka au mikono ndiyo iliyoikumbuka. Kinachopanda kutoka chini ni cha aliyeshika kamba mpaka atakapofungua fundo kwa mkono wake. Waliiweka zamani ili wasiuane kwa ajili ya samaki mkubwa. Nikalishika fundo la kifuani kwa Wenceslas kwa ngumi zangu zote mbili, nikajilaza juu yake.

"Fungua ile fundo, Mama."

"Sijafungua."

"Fungua!"

Ubapa wa panga ukanishukia begani. Mpaka leo mvua ikikaribia bega hilo linajua. Mtu alinivuta nywele, mwingine akapiga teke, na sijui kama lilikuwa langu au la Wenceslas, maana tulilia pamoja. Watu wa upande wake nao wakarusha mawe, na mawe hayachagui.

Halafu wakaacha, kwa kuwa Benie alikuwa amefika. Benie ni mke wa Jeancy. Mtu alikuwa amemkimbilia nyumbani. Alikuja na mchi wa kutwangia sombe, bado una majani. Akapiga magoti mbele yangu, uso wake karibu na wangu.

"Mama mukwe. Huyu ulimuzaa weye?"

"Hapana."

"Alikunyonya?"

"Hapana, Benie."

"Donc basi, fungua."

Nilitaka kufungua. Sitaki msomaji adhani nilikuwa mwema kuliko yeye. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza. Lakini fundo lile lilikuwa na damu ya Jeancy, lilikuwa limefungwa gizani na mkono uliokatwa, na lilikuwa limefungwa vizuri. Halikufungwa kwa bahati. Nikamwambia Benie, "Hiki ndicho alichonipandishia. Sina kingine cha kwake." Akauinua mchi. Nikafumba macho. Ulipiga jiwe kando ya kichwa changu, mara nyingi, mpaka ukapasuka, na baada ya hapo Benie akalala chini akaanza kuomboleza.

Jua lilikuwa limepanda sana tuliposikia pikipiki. Dereva alikuja mpaka mwisho wa njia, na nyuma yake alikuwa ameketi Jeancy, na bukta tu, damu ikimtoka masikioni. Mto ulikuwa umemmeza pale na kumtapika mbali chini, kwenye mchanga. Alitembea juu ya mawe akiyumba. Watu walimpisha kama watu wanavyompisha maiti.

"MUNAFANYA NINI?" akauliza. Alikuwa anapiga kelele na hakujua kwamba anapiga kelele.

Benie alimshika miguu. Yeye alinitazama mimi, na aliye chini yangu.

"MAMA, FUNGUA YE."

Nikafungua. Vidole vilikataa, nikamalizia kwa meno. Jeancy akainama, akamtazama Wenceslas kwa muda, akampiga kofi moja la nguvu upande wa taya zima. Kisha akakaa chini, akaanza kutetemeka kwa baridi hata meno yanalia, nikamfunika kwa kikwembe changu.

Baadaye watu walitaka kumfanya shujaa, hasa kanisani kwa Benie. Alikataa. "Sikumupa kamba," anasema. "Nilimufunga ye ili mikono yangu ibaki huru. Nilipotoa mguu yake nikavuta kamba, maji ikanichukua, basi." Évariste naye husema kwamba panga alilishika ili kukata fundo tu, na watu wanamwacha aseme.

Miti yote ilienda, ya Wenceslas na ya Jeancy pia. Mahali pale sasa hapana mtu. Masikio ya Jeancy hayakupona, na mtu mwenye masikio yaliyopasuka hashuki tena chini. Anatengeneza vitunga hapa uani, anauza mpaka Opala. Anafanya kazi nzuri. Anakaa akielekeza mgongo barabarani kwa sababu ya jua.

Wenceslas hupita. Anachechemea, unamsikia kabla hujamwona. Kila akipita husimama kwenye mlango wa ua na kusema, "Ndugu, jambo." Anangoja. Mimi namwitikia, yeye anatikisa kichwa, bado anangoja kidogo, halafu anaenda.

Jeancy hageuki. Sauti yangu nikimwita kwa nyuma anageuka, si kila mara, lakini anageuka. Sauti ya mtoto akilia anageuka. Juzi, Wenceslas alipoondoka, niliacha sufuria yangu nikaenda kusimama mbele ya mwanangu ili aone midomo yangu.

"Jeancy. Kweli humusikii?"

Alinitazama. Akaangalia kekele iliyokuwa mkononi mwake, akaipitisha chini ya nyingine, akaikaza.

"Lete maji, Mama," alisema. "Kekele imeanza kukauka."