Jeli ya Panya wa Saba

Msinione mstaafu mkadhani sina shughuli. Nimetunza panya wa maabara miaka thelathini na mmoja, na mmoja wao alikuwa akikoroma mpaka chupa zinaanguka kwenye rafu. Mkitaka, bisheni. Ila hili la leo halina chumvi.

Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa amebakiwa na panya mmoja, wa saba. Sita walishakufa kabla ya kupigwa picha. Akikosa picha ya mishipa ya damu ya huyu, Profesa wake anaufunga utafiti, na miaka mitatu ya mtoto wa watu imekwenda na maji. Akaniita nimnyoe panya mgongo, maana mikono yangu imezoea.

Kazi yenyewe ni hivi: mwanga wa leza unapiga ngozi, damu inapata joto kidogo, inatoa mlio ambao sikio haliupati. Kidude kinausikiliza, kompyuta inauchora. Kati ya ngozi na kidude unapaka jeli, mlio upite.

Nikanyoa, nikapaka. Dawa ya usingizi ilikuwa ya dakika ishirini.

Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi tii.

"Mjomba, anapumua?"

"Kunishinda mimi."

"Sasa mbona hakuna kitu?"

Profesa, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akatazama saa. "Binti, huyu ana damu au maji ya bomba?"

Dakika ya kumi na mbili. Mpwa wangu akabonyeza hiki, akabonyeza kile, midomo imemkauka. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka, kwa sababu nilikuwa nimeichungulia chupa ya jeli. Viputo vitupu! Niliitikisa kwa nguvu zote, kama nilivyotikisa dawa za kutibu panya maisha yangu yote. Na mlio huo ukikutana na hewa, haupiti.

Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi, tena mtamu: umeme, sijui waya. Nikaumeza.

"Ni mimi. Nimeitikisa chupa."

Profesa akacheka. "Mzee na hadithi zako!"

Mpwa wangu hakucheka. "Mjomba, la kweli hilo?"

"Haki ya mama yako."

Akafuta jeli yote, akafungua chupa mpya, akapaka taratibu mno mpaka nikataka kupiga kelele. Dakika ya kumi na nane. Mguu wa panya ukashtuka.

Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja. Ukagawanyika mara mbili, kisha mishipa midogo midogo ikajaa kila upande.

Hakushangilia. Aliihifadhi picha mara tatu, ndipo akaniambia bila kugeuka:

"Mjomba, weka mikono mfukoni."

Nikaiweka. Sikuitoa mpaka panya alipoamka.