Ganda la Chungwa la Jana

Ijumaa jioni mwenye duka la rangi ninalofanyia kazi, ambaye kwa ubahili wake wa vijiko vya kupimia rangi tunamwita Kipimo, alinitangazia sheria mpya. Kuanzia Jumatatu kila kopo nitakalochanganya libandikwe karatasi yenye jina la rangi kwa Kiingereza, kama lilivyo kwenye kitabu cha rangi. Nisipoweza nisijisumbue kuja. Binti wa dada yake amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani tu, anahesabu mabati ya paa.

Niliitikia kwa kichwa. Mimi niliishia darasa la tano. Kiswahili naandika, namba naandika, lakini Kiingereza nilikiacha palepale kilipoanza kuwa kigumu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemficha Kipimo jambo hilo, wala haikuwa kazi, kwani mtu asiyeongea sana hudhaniwa anajua mengi. Rangi nilizikariri kwa vitu: jivu la moto, jivu la baridi, chai ya maziwa, ganda la kitunguu.

Jumatatu asubuhi akaja mwalimu mstaafu, mama mmoja aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote. Alikuwa na kipande cha mbao kutoka kwenye mlango wake wa zamani, akataka rangi ileile. Nilimwamkia, nikakipokea, nikaanza kazi. Nilitia njano vijiko vinane, nyekundu viwili, kisha tone moja la nyeusi ili kuipoza. Nikapaka kidogo kwenye ubao na kusubiri ikauke, maana rangi mbichi ni mwongo. Ilipokauka nikaiweka sambamba na kipande chake. Mwalimu alivua miwani, akaivaa tena, akasema haoni tofauti.

Ikabaki karatasi. Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu, majina yamejipanga kama wageni nisiowajua. Mwishowe nikaandika: ganda la chungwa la jana.

Kipimo alisoma juu ya bega langu, akacheka akidhani ni mzaha. Alipoona sicheki, akaacha.

“Jina la kitabuni liko wapi?”

Mficha maradhi kifo humuumbua. “Sijui kulisoma, bosi,” nikasema. “Niliishia darasa la tano. Nilikuwa nakuficha.”

Kipimo alimgeukia mteja, akamwomba radhi, akaahidi kuiandika upya yeye mwenyewe. Lakini mwalimu alikuwa ameshaichukua karatasi. Akasema hata wenye Kiingereza chao walifanya hivihivi. Zamani hawakuwa na neno moja la rangi hii. Waliiita njano-nyekundu, wakaridhika. Kisha tunda likawafikia kutoka mbali, limepita lugha baada ya lugha, na jina lake mkononi: orenji. Walilila kwanza. Baadaye sana ndipo rangi ikaazima jina la tunda.

“Sasa huyu mwanangu amekosea wapi?”

“Hiyo ni historia, Mwalimu. Mimi nauza rangi.”

“Haya, tuongee rangi. Mwaka jana niliagiza duka jingine kwa jina la kitabuni, tena kwa Kiingereza safi. Mlango ukatoka kama boya la kuokolea watu. Majirani wakaniuliza kama nyumba inazama.”

Kipimo alijikaza asicheke, akashindwa. Mwalimu akaondoka na kopo lake na karatasi yangu juu yake, akisema atarudi kwa ajili ya madirisha.

Kipimo si mtu wa kuamini kabla ya kupima. Alifungua makopo matano, akaniuliza ninayaitaje, akaandika. Baada ya chakula cha mchana akapaka matone yake kwenye ubao, ameyavuruga mpangilio, akaniuliza tena. Sikukosa hata moja. Alikaa akijikuna kidevu, kisha akaamua kwamba kila kopo litabandikwa namba ya kitabuni na jina langu chini yake, na Kiingereza atakiandika mwenyewe anayekihitaji.

“Ila hili jina la kidonda kinachopona ulibadilishe,” akasema. “Hakuna atakayelipaka sebuleni. Na kesho uwahi.”

Nilikwenda nyuma kuosha brashi. Mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Kutoka ndani Kipimo akaita, akiuliza ile ya kopo la juu kabisa inaitwaje. Nikamjibu kwa sauti, bila kungoja aulize mara ya pili.