Malaria ya Nne

Malual alipougua malaria mara ya nne ndani ya miezi miwili, nilikasirika. Mimi ndiye msimamizi wa jikoni katika hoteli moja iliyojengwa kwa makontena karibu na bandari ya mto Nile mjini Juba, na yeye ndiye mpishi wangu wa chapati. Meneja wetu Morris, Mkenya mwenzangu, alikuwa ameshasema kwamba Malual akikosa kuja kazini tena Jumatatu, asirudi.

Jumamosi mchana nikafunga safari hadi mtaani kwake Hai Mauna kumgombeza. Nilibeba kilo ya sukari, maana hata mgonjwa unayemshuku huendi kwake mikono mitupu.

Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa viatu vya kazi. Mezani zilikuwa paketi tatu za dawa ya malaria, zile tulizomletea sisi wenyewe. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Malual, unatuchezea?"

"Hapana, anti. Kila asubuhi navaa viatu, nafika mlangoni, miguu inakataa. Nakaa nalia tu. Na sijui nalilia nini. Vita mimi sikuviona, nimelelewa Nairobi. Waliobaki hapa ndio wako na haki ya kulia."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mwanaume mzima? Wataniita mwenda wazimu. Malaria kila mtu anaelewa."

Hasira zikaniisha, nikaona haya. Mwaka uliotangulia, ndugu yangu Rufus alipouawa katika ghasia za uchaguzi kule nyumbani, nililala wiki mbili ndani ya kontena langu, nimegeukia ukuta. Niliwaambia watu nina malaria. Wakaniletea vidonge, nikavitupa chooni.

Nilimsimulia Malual yote hayo. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote. Nikamuuliza kama amewahi kuwaza kujidhuru, akasema hapana, ila amechoka mno. Tukakubaliana nimpeleke kwa Sista Immaculate, muuguzi wa kanisani kwetu, ambaye husikiliza mtu bila kuangalia saa.

"Na kazini niwaambie nini?" nikauliza.

Akafikiri kidogo. "Sema yako kwanza, anti. Wakicheka, yangu iache."

Kila Jumatatu, kabla ya kuwasha majiko, sisi wafanyakazi husali pamoja. Morris husoma majina ya wagonjwa ili tuwaombee. Alipofika kwa Malual, akakunja uso. "Malaria. Tena."

Nikasimama.

"Mwaka jana mliniombea nipone malaria," nikasema. "Sikuwa nayo. Nilikuwa nalilia ndugu yangu, na nilishindwa kutoka kitandani. Niliogopa mtaniona nimerukwa na akili."

Nilimsikia mtu akikohoa, nikangoja kicheko.

Aliyesema ni Ladu, mwosha vyombo, mtu wa makamo aliyeishi Juba miaka yote ya vita na ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. "Mama Jerioth," akaniambia, macho chini, "hata mimi iko na hiyo malaria. Miaka mingi."

Hakuna aliyecheka. Basi nikasema na ya Malual.

Morris aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

"Wewe tulikupa wiki mbili," akasema. "Naye apewe."