Mguu wa Nne wa Punda

Jumamosi hiyo Zerihun aliamka ana picha thelathini na moja, brashi hamsini, na majirani sifuri.

Hapo ndipo penye kasheshe. Kiwanda cha zamani cha makaroni, mtaani Gulele, tangu mashine zing'olewe, kilikuwa cha wasanii kumi na wawili, kila mtu na chumba chake, na sharti la kukaa lilikuwa moja tu: siku ya milango wazi, ambayo mwaka huu ilikuwa Jumamosi hiyo, majirani ishirini waingie kwako, na kila mmoja aandike kwenye daftari neno juu ya kazi yako. Wasanii hawahesabiwi. Mwaka jana Zerihun alipata wanne, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta choo.

"Mwaka huu ukifeli tena, unafungasha," mwenyekiti wa wasanii, Tsigereda, fundi wa sanamu za vyuma, alikuwa amemwambia. Yule mama hakujua kuongea bila nyundo mkononi. "Kuna mfinyanzi anakililia hicho chumba tangu Pasaka."

Akifungasha aende wapi? Kwa shangazi yake hapakuwa na ukuta wa kutundika hata kalenda. Akavuka barabara mpaka kwa Yeshareg, muuza kahawa wa mkabala na geti, ambaye mtaa mzima ulimwita Etiye kwa heshima ya umri.

"Etiye, leo kahawa kaangie chumbani kwangu."

"Kwenye kile chumba kinachonuka mafuta ya taa?"

"Si mafuta ya taa, Etiye. Ni tapentaini."

"Kunuka ni kunuka, mwanangu."

Lakini alikuja, na birika lake la udongo, ubani, bisi, na nyasi mbichi alizozimwaga sakafuni bila kuuliza. Saa tisa harufu ya kahawa ikaruka ukuta, na watu wakafuata pua zao: kinyozi, mafundi gereji, akina mama wa kwaya, na mzee Demise, Gashe kwa heshima, mstaafu wa posta anayejua mambo ya kila mtu. Zerihun akahesabu vichwa. Kumi na tisa. Na Etiye, ishirini. Nusura abusu birika.

"Daftari hili hapa, jamani, karibuni muandike!"

"Tulia, kijana," Gashe Demise akasema. "Mtu anaandika na kikombe mkononi? Tukishamaliza."

Wakakaa, wote wamezipa picha mgongo, macho kwenye birika. Zerihun hakujali. Hesabu alishaipiga: ukinywa abol, kile kikombe cha kwanza, huinuki mpaka umalize baraka, cha tatu. Mtu anayeondoka kabla ya baraka Gulele nzima itamsema mpaka mwakani. Na kati ya abol na baraka ni saa nzima na ushee. Birika halitazamwi muda wote huo.

Kweli, kwenye tona, kikombe cha pili, macho yakaanza kuzurura. Yakatua kwenye turubai kubwa la ukutani, la kahawia na kijivu, lililomla Zerihun miaka miwili. Aliliita Ukimya.

"Punda huyo kachoka," akasema Gashe Demise.

"Si punda, Gashe. Ni ukimya."

"Ukimya wenye masikio?"

"Hayo ni… ni mapengo ya nafsi."

"Nafsi yako ina masikio marefu, ndugu yangu," kinyozi akadakia, na akina mama wa kwaya wakaangua kicheko cha sauti nne.

Fundi gereji mmoja akasogea, akainama kama anayekagua ekseli. "Ana miguu mitatu huyu. Kwa mlima wa Entoto hafiki."

"Tena na mzigo wote ule!" mwenzake akaongeza.

"Hakuna mzigo!" Zerihun akapiga kelele.

Etiye Yeshareg alikuwa anamtazama yule punda. Utotoni alikuwa anashusha kuni za mkaratusi kutoka Entoto, yeye na punda wao. Akaliweka birika chini, akakunja mikono.

"Baraka simimini mpaka huyo mnyama apewe mguu."

Watu wakagutuka. "Etiye! Mimi nina mteja nimemwacha nusu kichwa!" kinyozi akalia.

"Mwambie mwenye punda."

Saa kumi na moja kasorobo. Kuinuka hakuna, kuandika hakuna, na huko koridoni nyundo ya Tsigereda ilishaanza kugonga mlango hadi mlango, anakagua madaftari. Zerihun akautazama Ukimya wake. Akawatazama majirani.

"Siwezi, Etiye," akasema kwa sauti ndogo. "Kuchora punda sijui. Sijawahi."

Kicheko hakikutoka safari hii. Etiye akajifuta mikono kwenye mtandio wake wa netela. "Si ungesema! Lete hicho kibrashi."

Akachora mguu kwa mikono miwili, ulimi nje. Mguu mnene, umekanyaga chini sawasawa. Kisha pembeni, kwa herufi kubwa, akaandika YESHAREG.

Baraka ikamiminwa. Daftari likazunguka kama bisi. Tsigereda akaingia, akahesabu.

"Kumi na tisa. Wa ishirini?"

"Huyu, Etiye! Kaandika pale!" Zerihun akaonyesha turubai.

Tsigereda akalisogelea, akalitazama sana. "Huyu kasaini kazi. Ni msanii. Wasanii hawahesabiwi. Pole, Zerihun."

Zerihun akakaa kwenye nyasi, puu.

"Subiri kwanza," Etiye akasema, huku anapanga vikombe. "Mimi ndiye msanii?"

"Ndiyo, Etiye."

"Na hawa kumi na tisa wamekuja chumbani kwa msanii?"

"Eeh… ndiyo."

"Na huyu, anayekaa hapa hapa na punda hajui kuchora, ni nani?"

Nyundo ikashuka taratibu. "Ni… jirani."

"Basi wa ishirini ndiye huyo. Mpeni kalamu."

Zerihun akalishika daftari. Akalitazama turubai tena. Lahaula! Miaka miwili picha ile ilikuwa inaelea, hajui kwa nini, na sasa ilikuwa imesimama. Akaandika: *Mguu wa nne ni mzuri kweli.*

Jumatatu mlango ukapata kibao kipya: ETIYE YESHAREG, PICHA NA KAHAWA. Zerihun yuko ndani bado, kwenye kona ya dirishani, anafundishwa kwato.