Texas Badala ya Ziwa

Mwalimu Ludovick alitupa mada moja sote: Maji ya Kwetu. Darasa lake la Kiswahili hapa Spånga, Uswidi, lina wanafunzi wanane, na kila mmoja alitakiwa kuhutubia siku ya wazazi. Juvénal, ambaye baba yake ni wa Bukavu, akapewa Ziwa Kivu. Wanjugu akapewa Mto Tana. Mimi Domina, niliyezaliwa Huddinge na kulelewa Norsborg, nikapewa Ziwa Victoria.

"Mwalimu, katika hilo ziwa sijachovya hata kidole," nikasema.

"Baba yako si mtu wa Bukoba?"

"Basi mpe baba ahutubie."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Nikamweleza kwamba kiangazi kilichopita nilikuwa Texas kwa shangazi Clementina, akanipeleka kwenye bustani ya maji, ile michezo ya kuteleza kutoka juu mpaka bwawani. Nimeyanywa maji yale kwa pua zote mbili. Kama kuna maji ya kwetu, ya kwangu mimi ni hayo. Nilitaka kusimulia nani alizijenga bustani zile na nani kamuuzia nani.

"Mambo hayo hayana Kiswahili," akasema. "Utamwaga Kiingereza na Kiswidi mpaka wazazi wahame ukumbi. Ni Ziwa Victoria, au husimami."

Hapo ndipo aliponichokoza. Angesema mada mbaya, ningenyamaza. Lakini eti haina Kiswahili!

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwalimu akatangaza, "Sasa Domina na Ziwa Victoria." Nikasimama.

"Shikamooni wazazi. Ziwa Victoria halijambo, linawasalimu. Mimi nawapeleka Texas."

Mama yangu akafunika uso kwa khanga. Nikaendelea kabla hajaufunua.

"Mwaka 1979, mjini New Braunfels, familia moja ilifungua bustani ya maji kando ya mto. Wakaitunza miaka arobaini. Msidhani walikuwa wanacheza. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na wale waligundua kuteleza ni biashara! Mwaka 2019 wakaiuza kwa kampuni yenye bustani za michezo kila upande. Mwaka 2024 kampuni hiyo nayo ikaungana na kubwa mwenzake. Mtoto ni yule yule, anateleza pale pale, lakini bustani imeshabadilisha baba mara mbili."

Watu wakacheka. Mzee Gitau, baba yake Wanjugu, akainua mkono kama yuko darasani. "Sasa msichana, hiyo maji ni ya nani?"

"Domina, kaa chini," Mwalimu akaingilia. "Hiyo siyo mada."

"Mwalimu, mzee ameuliza."

"Nimesema kaa!"

"Domina," mama akanong'ona, sauti ikafika mpaka mlangoni, "mwalimu ameshasema."

Nikabaki nimesimama. Mwalimu akachomoa waya wa kipaza sauti. Masikini, hajui kwamba Norsborg tunaitana kutoka ghorofa ya saba.

"Mzee Gitau!" nikapaza. "Mwenye karatasi hubadilika. Mwenye maji ni yule aliyelowa!"

"Hapo sawa!" akajibu mzee, akapiga paja. "Mwalimu, hebu achana na huyu mtoto amalize. Mimi nataka kujua kama waliuza tena."

"Mais oui! Ndiyo kabisa!" Juvénal akadakia kutoka nyuma.

Mwalimu akanisogelea, akasema polepole ili nisikie peke yangu, "Nitakukata alama zote za muhula."

Nilimheshimu, ndiyo maana nikajibu kwa sauti ya chini vilevile.

"Kata, mwalimu. Ila nionyeshe kwanza neno moja la Kiingereza nililotumia, ukiacha majina ya mahali."

Akarudi kitini kwake. Nikageukia ukumbi.

"Sasa twende Florida," nikasema, "mji wa Orlando, mwaka 1977, kwenye bustani nyingine ya maji." Mama akateremsha khanga, akasogeza kiti chake mbele.