Mikono ya Waashi wa Ukuta

Mfalme wa Bakteria hakuwa na macho, wala masikio, wala mifupa. Hakuwa na kiini cha kufichia siri zake, kama walivyo nacho wakubwa wa seli nyingine. Zaidi ya yote, hakuwa na mtu wa kumwambia hapana. Alichokuwa nacho ni ukuta, na nje ya ukuta maji yalikuwa yakisukumana kuingia tangu siku ya kwanza.

Ukuta ulijengwa na protini wa ukoo wa Waashi. Desturi yao ilikuwa kupapasa ncha ya tofali, kulishika, na kulifunga kwa jirani yake. Hawakutazama, mikono ilijua. Mbele yao walitangulia Wakataji, waliotoboa nafasi ukutani ili nchi ipanuke, maana Mfalme alipenda mno kupanuka.

Siku mgonjwa, mwenye mwili walimoishi, alipomeza dawa, kitu chenye ncha kama ya tofali kilifika kazini. Waashi wakakishika. Hakikufungika, wala hakikuwaachia.

Mwashi Mkuu akaenda barazani, mikono imenasa.

“Mtukufu, hakuna mwashi anayeweza kuziba tena. Naomba jambo moja tu: Wakataji wasimame leo. Wanangu wako zamu chini ya ukuta ule.”

Waziri wa Upanuzi akacheka. “Yako imenasa, mzee, sasa unataka na mikono ya wenzako ifungwe?”

“Mheshimiwa, wao wanatoboa na hakuna anayeziba!”

“Asubuhi hii wametimiza lengo la mwezi mzima,” Waziri akajibu, na baraza likapiga makofi.

Mfalme alikuwa na huruma. “Mzee huyu ametumikia sana. Apewe nishani.”

“Ataipokeaje, Mtukufu?” Waziri akauliza.

“Mvisheni shingoni.”

Wakamvisha. Alipokuwa bado ameinama, ukuta wa kusini ukapasuka, na zamu yote ya wanawe ikachukuliwa na maji. Akapiga ukelele. Waziri akamwomba asivuruge kikao.

“Haya maji?” Mfalme akauliza, yalipomfika kiunoni.

“Wageni, Mtukufu. Nchi yetu inapendwa.”

Mfalme akafurahi, akamwamuru Katibu kuandikia mataifa yote ya jirani: “Nchi yetu haijawahi kuwa wazi na pana kama leo. Igeni mfano wetu.”

Katibu akaiinua barua juu ya kichwa isilowe, akaipiga muhuri, akamkabidhi tarishi. Tarishi hakuhitaji kutafuta lango.