Waya Chini ya Mkeka

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Asubuhi hiyo baridi ya kiangazi ilikuwa kali Kalinzi, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mibuni wakati jumuiya ilipofika kwa Mama Scola kusali rozari.

Mama Scola aliketi mkekani, miguu ameinyoosha. Tangu apooze, miguu ile haikusikia baridi, moto wala mwiba. Lakini mwili uliobaki ulitetemeka, ndiyo maana mwanawe Castory alimnunulia hita Kigoma mjini. Soketi ilikuwa chumbani, basi Castory akavuta ekstensheni nyembamba hadi sebuleni. Na kwa kuwa wageni wangekuja, akaupitisha waya chini ya mkeka, mtu asije akajikwaa.

Dada yake, Rozalia, alikuwa amemwonya. "Hita inakula umeme mwingi, haitaki ekstensheni. Ichomeke ukutani. Na waya haufunikwi."

"Umekuwa fundi umeme tangu lini, dada?" Castory alimcheka, na Rozalia akanyamaza ili nyumba iwe na amani.

Sasa walipiga magoti. Jirani yao Angelina akajisogeza karibu na Mama Scola. "Nipisheni, hapa pana joto. Mama amejiwekea baraka zote upande wake."

Watu wakacheka, na Rozalia akacheka nao. Kisha, katikati ya sala, goti lake likaanza kuchoma. Hita ilikuwa mbali naye, kando ya mama. Joto la chini lilitoka wapi? Harufu ya plastiki inayoungua ikampanda puani. Akainuka, akaenda chumbani, akazima soketi na kuchomoa plagi.

"Dada, unakatisha sala," Castory akanong'ona.

"Mungu atanisubiri. Inukeni."

Walimbeba mama pembeni, Rozalia akafunua mkeka. Ganda la waya lilikuwa limeyeyuka, na ukindu umeungua mstari mweusi. Mstari ule ulipita pale pale kilipolala kisigino cha mama. Kisigino kilikuwa na lengelenge kubwa, na mwenyewe hakuwa na habari.

Rozalia akamgeukia Castory. "Umemchoma mama kwa kuwastahi wageni."

"Niliogopa watu wataanguka."

"Anayejikwaa huinuka, Castory. Huyu, mkeka ukiwaka, angeinukaje?"

Castory akaanza kuukunja ule waya. Mzee Gervasi, mwenyekiti wa jumuiya, akasema taratibu, "Mjibu dada yako. Sote tupo."

Castory akapiga magoti, akakishika kile kisigino kwa viganja viwili, akasema neno chini chini.

"Sema kwa sauti," Mama Scola akamwambia. "Mungu amesikia, mimi bado."

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," Castory akasema, sauti ikijaa sebule, "kitanda cha mama nitakihamishia karibu na soketi. Hita haitawaka tena katika nyumba hii ila ikiwa imechomekwa ukutani, waya wake uonekane wote, na mtu mzima awe macho kando yake."

"Amina," jumuiya ikaitikia.